Namna ya Kutunga Katuni ya Safari ya Baharini ya Kale kwa Wasomaji wa Miaka 8 hadi 12

Mtu anayeketi kutunga katuni ya safari ya baharini ya zamani kwa ajili ya watoto kwa kawaida huanza na shujaa, upanga na ramani ya hazina. Mwongozo huu unaanza na upepo, kwa sababu katika Bahari ya Hindi kabla ya injini upepo ndio ulioamua nani asafiri, lini, aelekee wapi na akae huko muda gani, na mtunzi akiufuata kwa uaminifu hatahangaika kutafuta kisa. Mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni safari ya kubuni kutoka Kilwa hadi Mogadishu mwaka 1331, mwaka ambao msafiri Ibn Battuta wa Tangier, Moroko, alipita katika pwani hii na kuacha maelezo ambayo mchoraji anaweza kuyafanyia kazi.

Kalenda ya upepo kwanza

Chukua karatasi ndefu, igawe miezi 12, kisha upake rangi moja miezi ya kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, takriban Desemba hadi Machi, na rangi nyingine miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, takriban Aprili hadi Septemba. Kati ya misimu hiyo huja maleleji, wakati upepo unapogeuka na hauaminiki. Ibn Battuta mwenyewe aliitii kalenda hii: alishuka kutoka Aden kupitia Zeila, Mogadishu na Mombasa hadi Kilwa kwa kaskazi, na kusi ndilo lililompeleka Dhofar, pwani ya kusini ya Uarabuni. Kwa hiyo chombo chetu, kinachotoka Kilwa kwenda kaskazini, lazima kisafiri kwa kusi, na hakiwezi kurudi mpaka kaskazi ivume tena. Juni na Julai kusi hufikia kilele chake na bahari huchafuka vibaya, kiasi kwamba nahodha mwenye busara hujitahidi awe amekwisha kutia nanga.

Tazama sasa kile ambacho karatasi hiyo imekwisha kukupa. Kuna majuma machache tu ya kuondoka salama, kuna tarehe ya mwisho ambayo hakuna mtu awezaye kubishana nayo, na kuna miezi mingi ya kukaa ugenini kabla ya kurudi nyumbani. Mtoto wa miaka 9 anaelewa mara moja maana ya kuchelewa, na hofu ya kuchelewa humshika kuliko maharamia, ambao kwa maoni yangu wamechorwa kupita kiasi katika vitabu vya bahari vya watoto na mara nyingi huletwa pale mtunzi anapokosa jambo la kusema kuhusu bahari yenyewe.

Chombo na kazi ya mtoto

Usichore jahazi la jumla. Chagua chombo kimoja, kijue kila ubao, na ukichore kutoka pande zote kabla ya kuanza ukurasa wa kwanza. Kwa safari yetu ninapendekeza chombo cha kushonwa cha aina ya mtepe, ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma bali zilifungwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mraba, la miyaa iliyosukwa. Wachoraji wengi hukosea hapa: hukipa chombo hiki tanga la pembe tatu kwa sababu ndilo wanalolijua kutoka majahazi ya leo. Tanga la mraba la mkeka husukuma vizuri upepo ukiwa nyuma, lakini halifai kupigania njia dhidi ya upepo, na udhaifu huo ni mali ya mtunzi kwa kuwa unaifanya ile kalenda ya upepo kuwa sheria isiyovunjika.

Ukitaka kuona jinsi watu wa zama hizo walivyovitazama vyombo vyao wenyewe, tafuta picha za michoro ya vyombo iliyokwaruzwa katika lipu ya kuta za magofu ya Kilwa. Ni mistari michache tu, lakini imechorwa na mikono iliyovijua vyombo hivyo.

Chombo kilichoshonwa huvuja. Maji huingia taratibu kati ya mbao, na lazima mtu ayafue kwa upo, yaani kata ya kutekea maji, usiku na mchana, kazi ambayo mtoto anaiweza na ambayo watu wazima hawaigombei. Hapo ndipo anapopatikana shujaa wetu: binti wa miaka 11 ambaye mama yake hufukia makumbi ya nazi ufukoni, huyaacha yaoze kwa miezi, kisha huyaponda na kuyasokota kuwa kamba. Binti huyu anajua kamba kwa vidole vyake. Chombo kinapoanza kuingiza maji kuliko kawaida, mabaharia wanalaumu bahari, lakini yeye anagusa mshono na kutambua kwamba kamba iliyotumika upande wa omo, yaani mbele ya chombo, haikusokotwa ipasavyo. Huo ni ujuzi wa kweli, unaotokana na kazi ya kweli, na msomaji ataamini kwamba mtoto ameokoa chombo bila kulazimishwa kuamini kwamba amewashinda watu wazima kumi kwa upanga.

Ukarabati nao una sharti lake. Chombo kinapaswa kupandishwa ufukoni wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, ili yakipwa kibaki kimelala juu ya mchanga na mafundi wapate saa chache za kuufungua na kuushona upya mshono kabla maji hayajarudi. Tenga kurasa nne kamili kwa tukio hili. Mpe msomaji vidole, sindano ya mti, kamba iliyolowa, na ukingo wa maji unaosogea karibu zaidi katika kila fremu. Pasipo adui hata mmoja, hizi ndizo kurasa zitakazorudiwa kusomwa.

Kile kisichopaswa kuonekana nyuma ya wahusika

Mchoraji hufikiria sana nguo na kusahau mimea. Mwaka 1331 hapakuwa na mahindi, muhogo, papai, mananasi, nyanya wala tumbaku katika pwani hii, kwa kuwa vyote asili yake ni Amerika na vilivuka bahari baada ya 1492. Hata mkorosho, ambao leo mtu hawezi kuifikiria pwani ya kusini bila kuuona, ulikuwa bado haujafika. Mikarafuu ya Zanzibar ni ya karne ya 19, na khanga vilevile. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa 1593. Hakuna mizinga.

Kilichokuwapo kinatosha kabisa kujaza ukurasa. Chora minazi, migomba, mtama na mpunga, nyumba za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, bakuli za kauri kutoka China, ushanga wa kioo, pembe za ndovu, na dhahabu iliyopandishwa kutoka Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ambayo ndiyo iliyoutajirisha mji wa Kilwa. Sultani wa wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Sarafu za shaba zilipigwa kwa jina lake, na jumba la Husuni Kubwa, lenye birika la kuogea la pembe nane, lilikuwa ukingoni mwa jabali linalotazama bahari. Fremu moja pana ya jumba hilo, ikionwa na mtoto aliye ndani ya chombo kinachoondoka, itamweleza msomaji utajiri wa mji kuliko maelezo ya kurasa mbili.

Nyota nazo hukaguliwa. Kilwa iko takriban nyuzi 9 kusini ya ikweta, kwa hiyo Nyota ya Kaskazini haionekani huko kabisa, na mtoto aliyesoma jiografia kidogo ana haki ya kukuuliza kwa nini umeichora. Chombo kikielekea kaskazini mwezi wa Mei, Msalaba wa Kusini huonekana jioni upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Kilimia, kundi dogo la nyota, mwezi huo kimepotea karibu na jua. Huanza kuchomoza mashariki jua linapotua kuelekea mwisho wa mwaka, yaani wakati uleule ambao kaskazi inakaribia. Binti aliyeachwa ugenini anaweza basi kuitazama mbingu ya mashariki kila jioni akingojea nyota hizo, na fremu tatu ndogo zinazofanana, moja tu ikiwa na Kilimia, zitapitisha miezi mitano bila neno.

Kupanga kurasa

Kurasa 48 zinatosha. Chora kwanza rasimu ndogo za kurasa zote kwa penseli, bila nyuso na bila mapambo, na uziweke sakafuni kwa mpangilio wake ili uone mwendo mzima kwa mara moja. Kwa umri huu fremu 4 hadi 6 kwa ukurasa ni kiasi kizuri. Bahari inapofunguka, itoe fremu moja iuchukue ukurasa wote. Kumbuka pia kwamba ukurasa wa namba witiri huwa kulia na wa namba shufwa huwa kushoto baada ya kufunua: kila jambo la kushtua, kama vile wimbi, nchi kavu kuonekana au maji kujaa ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo), liwekwe katika ukurasa wa shufwa, na fremu ya mwisho ya ukurasa uliotangulia iwe swali.

Amua mapema msomaji amesimama wapi. Akiwa upande wa bahari akiitazama nchi kavu, anaelekea magharibi, na kaskazini iko mkono wake wa kulia. Kwa hiyo chombo kinachotoka Kilwa kwenda Mogadishu huenda kulia, upande uleule ambao jicho husoma. Shikilia hilo katika safari yote ya kwenda, na katika safari ya kurudi kigeuze kielekee kushoto. Moshi, nguo na tanga vyote vifuate upepo mmoja. Mtoto huenda asitambue kwa nini anaelewa kila mara chombo kinakokwenda, lakini ukikosea mara moja tu atapotea.

Kuhusu maneno, kiputo cha usemi kisizidi maneno 20, na andika maneno kabla ya kuchora kiputo, kwa sababu vitenzi vyetu ni virefu na kiputo chembamba kitakulazimisha kukikata kitenzi katikati, jambo linalomchosha msomaji mchanga. Istilahi za chombo, kama omo, tezi, foromali (mti unaoshika tanga), demani (kamba ya tanga) na ngama, ziachwe kama zilivyo. Hakuna haja ya kuzieleza pembeni: mwonyeshe baharia akivuta demani huku akiitaja, na mtoto amekwisha kujifunza.

Ugeni, na mambo mazito

Ibn Battuta anasimulia kwamba chombo kilipofika Mogadishu, vijana walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake; tangu hapo mgeni alikaa kwa mwenyeji huyo, na biashara zake zilipitia mikononi mwake. Ni vigumu kumtungia mtoto ukurasa mzuri kuliko huo. Mpe binti yetu mwenyeji wa umri wake, na ile miezi ya kungojea kaskazi itakuwa hadithi ya urafiki katika mji ambao hauelewi lugha yake vizuri.

Hata hivyo usisafishe historia mpaka ing'ae. Masimulizi hayohayo yanaeleza mashambulizi ya sultani wa Kilwa katika nchi za jirani na ngawira iliyoletwa, na yanataja watumwa miongoni mwa zawadi zilizotolewa. Msomaji wa miaka 10 anaweza kubeba ukweli huu endapo hutamwonyesha mateso kwa ajili ya kumsisimua. Mwache binti akutane bandarini na mtoto mwenzake ambaye hakuchagua kusafiri, wabadilishane maneno machache, na mtoto huyo awe na jina, ujuzi na kwao. Asiwe chombo cha kumfundisha shujaa wema, na kisa kisijifanye kwamba urafiki mmoja ulimkomboa.

Rasimu ikikamilika, wasomee watoto wachache wa umri unaoukusudia bila kuwaeleza chochote, na uangalie mahali wanaporudi nyuma ukurasa: kurudi kwa furaha kuache, kurudi kwa kuchanganyikiwa kurekebishe kwa mchoro kabla ya kuongeza maneno. Mwishoni mwa kitabu weka ukurasa mmoja unaotenganisha waziwazi yaliyoandikwa na walioyaona, kama vile sahani zilizofunikwa za Mogadishu, na yale uliyoyabuni, kama vile binti wa kamba na mshono wake, na pembeni chora ramani ya pwani yenye mishale miwili ya upepo, kila mmoja ukiwa na miezi yake.