Jinsi ya Kuwapokea Wanafunzi Wapya katika Bweni Lenye Dhamira Maalumu

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani yapo mabweni ambayo mwanafunzi hapewi chumba kwa sababu tu kitanda kiko wazi, bali huomba mwenyewe kuishi humo kwa ajili ya jambo linalowakutanisha wakazi wake, liwe lugha, fani, utunzaji wa mazingira au urithi wa jamii fulani. Baadhi yake yana majina ya Kiswahili. Chuo Kikuu cha Cornell, kilichoko Ithaca katika jimbo la New York, kina bweni la Ujamaa lililoanzishwa mwaka 1972. Stanford, huko California, nacho kina Ujamaa yake. Na Chuo Kikuu cha Brown kina Harambee. Mabweni hayo ni matunda ya madai ya wanafunzi Weusi wa mwishoni mwa miaka ya 1960 na waliowafuata, na ingawa yamejengwa juu ya historia na utamaduni wa watu wenye asili ya Afrika, mwanafunzi wa asili yoyote anaweza kuishi humo. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaosoma katika vyuo hivyo wanaweza kuombwa wasaidie mapokezi ya mwanzo wa mwaka. Maelekezo haya nimewaandikia wao, pamoja na kiongozi yeyote wa wanafunzi aliyekabidhiwa jukumu hilo katika bweni la aina hiyo.

Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya Aprili 1962 kuhusu Ujamaa, alikumbusha methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sijui kanuni bora kuliko hiyo ya kupanga mapokezi ya bweni. Mapokezi mengi huharibika kwa sababu yanamweka mwanafunzi katika siku ya kwanza kwa majuma mengi: analishwa, anapewa fulana, anachezeshwa michezo ya kufahamiana, anahutubiwa juu ya maadili ya nyumba, na mwezi unapokwisha bado hajui ufunguo wa stoo unakaa kwa nani. Mwanafunzi wa namna hiyo hulipenda bweni kama mteja anavyoipenda hoteli, na mwaka wa pili anapopata chumba kikubwa zaidi mahali pengine, huhama bila majonzi. Basi panga kila kitu ukiwa na swali moja moyoni: ni lini, na kwa kazi gani, mgeni huyu ataanza kuwa mwenyeji?

Kazi huanza kabla hajafika. Mara tu chuo kinapotoa mgao wa vyumba, mwandikie kila mkazi mpya barua fupi yenye jina lake, iliyoandikwa na mwanafunzi na si na ofisi. Mweleze mambo ambayo watu huyasahau kwa kuwa wao wameshayazoea: kwamba magodoro ya mabweni mengi ya Marekani ni marefu kuliko godoro la kawaida la mtu mmoja, yakiwa na urefu wa takribani sentimita 203, kwa hiyo shuka za kuchomekea alizonunua nyumbani huenda zisitoshe, na kwamba Ithaca ya Agosti ina joto, ila koti zito litahitajika kabla muhula haujaisha, wala halina haja ya kubebwa kutoka Dar es Salaam au Kampala kwa sababu linapatikana kwa bei nafuu katika maduka ya mitumba ya hapo mjini. Mwanafunzi anayetoka nje kwa F-1, yaani viza ya masomo, anaruhusiwa kuingia nchini hadi siku 30 kabla ya masomo yake kuanza, lakini bweni huenda likawa bado limefungwa anapofika; muulize tarehe ya safari mapema, kisha uwasiliane na ofisi ya makazi kabla hajakata tiketi.

Katika barua hiyo hiyo muulize maswali machache yenye matumizi: anapenda kuitwa jina gani na linatamkwaje, kuna chakula asichokula kwa ajili ya dini au afya, na ni kipi kilichomfanya achague nyumba hii. Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa maana utagundua kwamba wapo waliopangiwa humo bila kuomba. Hao usiwahesabu kuwa wakazi wa daraja la pili. Wajue mapema ili mapokezi yasizungumze kana kwamba kila mtu amekuja na shauku ileile. Majibu yote yatunze kwa siri. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za wanafunzi, na hata pasipokuwa na sheria, kusambaza katika kundi la WhatsApp orodha ya majina, vyumba, nchi na namba za simu ni kuvunja imani ya watu ambao hawajakuona hata sura.

Siku ya kuwasili iwe ya mikono na miguu, isiwe ya maneno. Weka watu wa kubeba mizigo, maji ya kunywa, na mtu mmoja asiyeondoka mlangoni ambaye kazi yake ni kusalimu na kujua nani ameshafika. Wazazi wapokelewe kabla ya mwanafunzi, hasa wanapotoka katika jamii zetu. Mama aliyevuka bahari kumleta binti yake anastahili kiti, kinywaji na shikamoo kutoka kwa vijana wa Kiswahili waliopo, kisha aonyeshwe jiko, njia za kutokea wakati wa hatari na ofisi ya mkuu wa bweni, kwani hayo ndiyo atakayoyasimulia nyumbani. Jioni ya kwanza mle pamoja, mseme majina, mkalale. Hotuba juu ya historia ya nyumba haiingii katika kichwa kilichosafiri saa 24.

Siku ya pili ni ya kanuni, nazo zipite upesi ila kwa ukamilifu. Ving'ora vya moto vya mabweni husikia moshi wa mafuta ya kukaangia mandazi kama vinavyosikia moto wenyewe, na kikilia, jengo zima hutoka nje hata usiku wa manane. Udi, ubani na mishumaa kwa kawaida vimekatazwa vyumbani, na mwanafunzi wa pwani aambiwe hivyo kwa upole kabla hajachoma. Wanaolala chumba kimoja wakae na kuandika makubaliano yao kuhusu saa za kulala, wageni, usafi, sala na simu za usiku kwenda nyumbani, ambako tofauti ya saa ni 7 wakati wa kiangazi kati ya New York na Afrika Mashariki. Makubaliano hayo yaandikwe kungali na heri, maana ugomvi ukishaanza kila mstari utaonekana kumlenga mtu.

Kisha inakuja siku ya tatu, na hapa ndipo ningetaka msomaji atumie nusu ya maandalizi yake yote. Jembe ni kazi halisi ambayo nyumba ingepungukiwa nayo kama isingefanywa. Kumwambia mgeni kwamba anakaribishwa kushiriki katika shughuli zetu si kumpa jembe. Ni kumwachia mzigo wa kutafuta mwenyewe mahali pa kujipenyeza. Kila mkazi mpya apewe kazi yenye jina, yenye mwenzake wa mwaka wa juu, yenye vifaa vyake na yenye tarehe ya kwisha, na achague kati ya kazi mbili au tatu ili mwenye haya asilazimishwe kusimama mbele za watu na mwenye mdomo asifungiwe stoo. Wengine wapike chakula cha Jumapili ya kwanza, wakijua kwamba kilo moja ya mchele wa pilau hulisha watu wanane hadi kumi, na kwamba karanga zisiingie katika sufuria yoyote mpaka majibu ya barua yasomwe upya. Wengine wapange rafu ya vitabu, waongoze kikao cha mazungumzo cha kila juma, wasaidiane na mweka hazina kuandika matumizi, au watafute picha za wakazi wa zamani na kuwapigia simu wawili watatu kati yao ili kurekodi kumbukumbu zao. Kazi hii ya mwisho ningeipa kipaumbele popote inapowezekana, kwa sababu kijana wa miaka 18 aliyemsikia mkazi wa miaka ya 1970 akieleza jinsi nyumba ilivyopiganiwa hawezi tena kuiona kuwa kitanda tu.

Majukumu haya yawe ya kujitolea na mepesi. Yakiwa ya malipo, mwanafunzi wa F-1 akumbushwe kwamba masomo yanapoendelea hawezi kuvuka saa 20 za kazi kwa juma ndani ya chuo, na saa hizo zitahesabiwa. Kazi isigeuzwe kamwe kuwa kupima uvumilivu. Wale tuliosoma shule za bweni Afrika Mashariki tunafahamu jinsi njuka anavyoweza kufulishwa nguo za wakubwa au kuamshwa usiku kwa jina la kukaribishwa. Marekani jambo hilo ni kosa, na sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavilazimu vyuo kutangaza vikundi vilivyopatikana na hatia ya udhalilishaji wa aina hiyo. Kipimo ni rahisi: kama kiongozi hafanyi kazi hiyo bega kwa bega na mgeni, kazi hiyo haifai.

Historia ifundishwe kwa kutembea, katika juma la pili, wakazi wakiwa wameshajuana. Huko Cornell unaweza kuwapeleka mbele ya Willard Straight Hall, jengo ambalo wanafunzi Weusi walilikalia tarehe 19 Aprili 1969, siku moja baada ya msalaba kuchomwa moto mbele ya Wari House, nyumba ya wanafunzi wa kike Weusi. Kituo cha masomo ya Afrika kilianza mwaka huohuo, jengo lake la kwanza likateketezwa Aprili 1970, kikahamia jengo jingine, na mpaka leo Kiswahili kinafundishwa hapo. Anayesimama mahali pale akisikia mfululizo huo hahitaji kuelezwa kwa nini bweni lilikuja miaka michache baadaye.

Kuhusu jina, uwe na subira. Mmarekani Mweusi huenda alikutana na Ujamaa katika Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa mwaka 1966, ambamo ni nguzo ya nne kati ya saba. Mtanzania analijua kwa Azimio la Arusha la Februari 1967, na yawezekana babu yake alihamishiwa kijijini kwa nguvu miaka ya 1970 na hana kumbukumbu tamu. Wote wawili wana haki ya kusimulia wanachokijua bila mmoja kumsahihisha mwenzake, na kiongozi wa mapokezi ahakikishe kwamba mwanafunzi kutoka Afrika hageuzwi kuwa mwamuzi wa nani anaijua Afrika kwa dhati. Kinyume chake nacho kipo: yule anayetoka Mombasa au Bukavu akadhani kwamba yaliyotokea mwaka 1969 hayamhusu, ilhali kitanda anacholalia kilipatikana kwa njia hiyo. Hapo usihubiri. Mpange pamoja na mwenzake kutoka Atlanta au Chicago katika kazi moja ya kumbukumbu za nyumba, na uwaache wafundishane wakiwa wameinamia picha zilezile.

Weka pia, kabla ya ugomvi wa kwanza, utaratibu wa kubishana. Mwaka 1988, katika bweni la Ujamaa la Stanford, mjadala kuhusu kama Beethoven alikuwa na asili ya Afrika ulifuatwa na wanafunzi wawili Wazungu kuchafua bango la mtunzi huyo kuwa katuni ya kumdhihaki mtu Mweusi, na nyumba nzima ikaingia katika maumivu ya muda mrefu. Mabishano ya namna hiyo yatakuja katika bweni lolote linalobeba jambo zito. Kubalianeni mapema nani ataitisha kikao, aliyeumizwa atasikilizwa lini, na ni wakati gani suala linatoka mikononi mwa wanafunzi na kwenda kwa uongozi wa chuo.

Usifunge mapokezi mwezi Septemba. Katikati ya Oktoba, matokeo ya mitihani ya kwanza yanaporudi, pita chumba kwa chumba ukiwatazama walioacha kushuka kula. Waulize mapema wasio na pa kwenda wakati wa mapumziko ya Novemba, ili waalikwe majumbani mwa wenzao au wapikiwe pale pale kama bweni litabaki wazi. Mwezi Januari watafika wachache wanaoanza katikati ya mwaka, wakati wa baridi, bila umati wa kuwabebea mizigo. Kazi ya kuwapokea hao wakabidhiwe wale waliofika Agosti, wakiwa na ufunguo wa stoo na orodha ya kazi zilizo wazi.