Njoo mapema, chelewa kuondoka: jinsi ya kufaidi mihadhara, maonyesho ya muziki na siku za ajira chuoni

Mimi ndiye ninayefungua ukumbi wa chuo, nawasha vipaza sauti, napanga viti, kisha nangoja watu watoke ili nifunge. Si mhadhiri wala si mwanamuziki. Lakini anayesimama mlangoni huona nani ametoka na kitu na nani ametoka kama alivyoingia. Waliopata kitu karibu wote walifika kabla ya muda na hawakukimbilia mlango mwishoni. Saa yenyewe ya shughuli kila mtu huipata sawasawa.

Tuanze na hofu ya kuingia. Wengi hudhani mihadhara ni ya wanafunzi tu. Tangazo likisema wote mnakaribishwa, amini hivyo. Kinachokwamisha watu ni kujiandikisha: orodha hujaa mapema, kisha siku yenyewe viti vinabaki vitupu kwa sababu kujiandikisha bure hakumfungi mtu. Ukikuta orodha imejaa, njoo tu usimame karibu na mlango. Muda wa kuanza ukikaribia, mara nyingi waliosubiri nje huingizwa.

Usitegemee kalenda kuu ya chuo peke yake. Hiyo hupenda wageni mashuhuri. Mihadhara iliyonifanya mimi mwenyewe nisahau kazi na kusikiliza ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa idara, karatasi moja na pini. Kama hujawahi kuhudhuria wowote, anza na ule ambao profesa mpya hutoa baada ya kupandishwa cheo. Ndugu zake wameketi safu ya mbele na hawajui fani yake, kwa hiyo atajitahidi kueleweka. Semina ya idara ni kinyume chake: mzungumzaji anaongea na wenzake, na ukishika nusu umefanya vizuri.

Angalia saa vizuri pia. Katika vyuo vya Ujerumani, kwa mfano, herufi c.t. baada ya saa zina maana shughuli itaanza robo saa baadaye, s.t. ni saa ileile iliyoandikwa.

Kabla ya kuja, soma ikisiri kwenye tangazo na uandike swali moja ambalo ungependa lijibiwe. Huenda likajibiwa dakika ya kumi, si neno, limekufanya usikilize. Kisha chagua kiti. Safu ya nyuma ni ya wanaotaka kutoroka. Keti karibu na njia, safu ya tatu au ya nne, kwa sababu mtu anayezungusha kipaza sauti hupita njiani. Aliyejifungia katikati ya safu humfikia kwa shida hata kama swali lake ni zuri.

Muda wa maswali ukifunguliwa, ukumbi huwa kimya na mwenyekiti wa kikao anatafuta mkono wowote wa kumwokoa. Huo ndio wakati wako, maana baada ya swali la tatu mikono inakuwa msitu. Kuuliza si ujinga, ila kuhutubia watu kwa kisingizio cha swali ni uchokozi. Sentensi moja ya kutaja jambo alilosema, sentensi moja ya swali, kisha rudisha kipaza sauti. Swali ambalo nimeona likiwaamsha wazungumzaji waliochoka ni hili: ni ushahidi gani ungekufanya ubadili msimamo wako?

Na andika. Michael Faraday, aliyekuja kuwa mwanasayansi mashuhuri, alikuwa kijana anayejifunza kazi ya kujalidi vitabu London, na mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi ya sayansi ya jiji hilo. Aliandika alichosikia, akakinakili upya kwa mwandiko safi pamoja na michoro, akakijalidi na kumpelekea Davy mwenyewe. Mwaka 1813 aliajiriwa hapohapo kuwa msaidizi wa maabara. Sisemi umjalidie mtu kitabu. Lakini barua pepe ya mistari minne, yenye jambo moja ulilolishika kutoka kwenye mhadhara, ni wachache mno wanaoituma.

Maonyesho ya muziki yana adabu zake, na ndiyo yanayowatisha watu zaidi. Hofu kubwa ni kupiga makofi mahali pasipofaa. Tazama karatasi ya programu: chini ya jina la kila kazi zimeorodheshwa sehemu zake, mara nyingi kwa maneno ya Kiitaliano kama Allegro na Adagio. Zihesabu, maana makofi husubiri ya mwisho iishe. Sonata nyingi, yaani kazi za ala moja au mbili, zina sehemu tatu au nne, lakini ya mwisho ya mtunzi Beethoven kwa piano ina mbili tu, kwa hiyo usikisie. Ukipotea njia, mtazame mwanamuziki: mikono ikishuka na akikugeukia, piga. Na ukikosea, usizame kwenye kiti. Mwaka 1778 watu wa Paris walimpigia Mozart makofi katikati ya simfonia yake, naye alimwandikia baba yake kwa furaha.

Ukichelewa, usinisukume mlangoni. Nitafungua makofi yakianza. Simu izimwe kabisa. Mtetemo juu ya kiti cha mbao husikika hadi jukwaani. Na kama ni onyesho la mtihani wa mwanafunzi, jopo la watahini huketi katikati na karatasi zao, waachie nafasi. Maonyesho hayo mara nyingi ni ya bure na hayana watu, na sura ya ziada ukumbini humsaidia mwanafunzi kuliko unavyodhani. Akitoka, mwambie ni kazi gani iliyokugusa. Utaalamu hauhitajiki.

Siku ya ajira hugeuza kanuni yangu kidogo: hapa kuja mapema kuna uzito kuliko kuchelewa kuondoka. Saa ya kwanza waajiri bado wana sauti na hamu. Alasiri wameshajibu maswali yaleyale hadi macho yamekauka. Soma orodha ya washiriki usiku wa kuamkia, chagua wanne au watano, na usianze na yule unayemtaka zaidi. Fungua mdomo kwanza kwenye meza ndogo isiyo na foleni.

Pale mezani, usimkimbilie mkubwa mwenye tai. Mtafute kijana aliyeajiriwa juzijuzi. Muulize wiki yake ya kawaida ikoje, nani husoma maombi kwanza, na dirisha la maombi linafunguka lini. "Mnafanya nini?" ni swali la tovuti, usilipoteze hapa. Wasifu wako uwe ukurasa mmoja, nakala kadhaa, ingawa wengi watakuelekeza kwenye fomu ya mtandaoni. Ukiondoka mezani, simama pembeni uandike papo hapo umeongea na nani na kuhusu nini. Ukifika meza ya nne, majina yatakuwa yameshachanganyika. Kalamu na mifuko ya bure, achana nayo.

Kikiwapo kikao cha wahitimu wa zamani, kipe nafasi kuliko vibanda vyote. Wao hawakutumwa kupamba kampuni, na kikao kikiisha husimama kando bila kuzingirwa.

Barua pepe itume kesho yake asubuhi. Kwenye mada weka jina la shughuli na tarehe, kwenye mstari wa kwanza mkumbushe mlichoongea, kwenye wa pili uliza jambo moja linalojibika kwa sentensi moja. Wasifu uambatishe pale tu alipouomba.