Kufufua AC ya Hiace ya zamani: tafuta panapovuja kabla ya kujaza gesi

Somo hili ni la wenye Hiace za umbo la H100, zile zilizoanza kutoka 1989, ambazo AC yake siku hizi inapuliza upepo tu. Dawa ya mafundi wengi ni moja: kujaza gesi. Gari linapoa wiki chache, kisha unarudi na pesa nyingine. Gesi ya AC haichomwi kama dizeli, inazunguka humohumo. Ikipungua, imevuja mahali.

1. Klachi ya kompresa (pampu inayozungusha gesi ya AC). Washa injini, AC na feni. Sahani iliyo mbele ya pulei ya kompresa inatakiwa kushika kwa mlio wa "ta" na kuzunguka pamoja na pulei. Isiposhika, anza na fyuzi na rilei. Umeme ukifika kwenye swichi ya presha na usipite, huenda gesi imekwisha. Swichi hiyo imewekwa kuilinda kompresa, kwa sababu oili yake husafiri na gesi. Anayeunga waya moja kwa moja ili klachi ishike anaua kompresa.

2. Aina ya gesi. Hiace za mwanzo zilitoka na gesi ya R12, iliyoondolewa sokoni kwa kuharibu tabaka la ozoni. Zilizofuata zinatumia R134a. Soma kibandiko cha AC, kikiwa kimebanduka, tazama nipo (vichomozo vya bomba) za kujazia gesi. Zenye nyuzi za kukaza kwa kuzungusha ni za R12, laini za kubana kwa kubonyeza ni za R134a.

3. Geji (saa ya kupimia presha), injini ikiwa imezimwa na kupoa. Kwenye joto la nyuzi 30, R134a husoma psi 95 hivi pande zote mbili, wa presha ndogo na wa presha kubwa. Usifurahie haraka: namba hiyo inaonyesha kwamba kuna gesi, haionyeshi kama inatosha. Ikisoma chini sana ya hapo, ndani pamebaki mvuke wa gesi tu, hakuna gesi ya kimiminika.

4. Kusaka panapovuja. Hapa usiwe na haraka. Oili hutoka na gesi, kwa hiyo tafuta doa lenye mafuta lililoshika vumbi. Pakaa povu la sabuni kwenye maungio, kondensa (rejeta ndogo ya kupoza gesi), na sili ya shafti ya kompresa. Kama gari lina AC ya nyuma, lala chini ufuate mabomba yanayokwenda kwenye kipoza hewa cha nyuma. Yanapigwa mawe, yanasuguana na vibano vyake, na kwa magari ya Tanga au Mombasa chumvi nayo inayala. Wengi hubadilisha kompresa nzima kumbe tundu liko chini ya sakafu.

Mfumo ukiwa mtupu, pima kwa naitrojeni yenye regulata. Oksijeni ya kuchomelea USIITIE kabisa. Ikikutana na oili inaweza kulipuka.

5. Oringi (pete za mpira za maungio) na drayeri (kopo linalonyonya unyevu). Ukishafungua mfumo, badilisha vyote viwili. Oili ya R12 ni ya madini, ya R134a kwa kawaida ni ya kutengenezwa, iitwayo PAG. Gesi iliyobaki itolewe kwa mashine, isiachiwe hewani.

6. Vakyumu. Nyonya hewa yote kwa pampu ya vakyumu dakika 30 hadi 45, kisha funga valvu na uangalie sindano ya geji. Ikipanda, bado panavuja au kuna unyevu. Rudi hatua ya 4.

7. Kujaza. Vaa miwani na glavu, gesi ikiwa kimiminika inagandisha ngozi. Pima kwa mizani, ufuate kiasi cha kibandiko. Injini ikiwaka, jaza upande wa presha ndogo tu, kopo likiwa wima. Ukifungua upande wa presha kubwa, kopo linaweza kupasuka mkononi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mbele inapiga baridi ila nyuma joto. Gesi imepungua?*
Yawezekana, ila anza na feni ya nyuma na chujio lake. Abiria wa miaka yote hiyo wameacha vumbi la kutosha. Upepo ukiwa mzuri na bado ni joto, shuku ekspansheni valvu (inayopimia gesi inayoingia kwenye kipoza) ya nyuma. AC ya nyuma ina valvu ya kwake, tofauti na ya mbele.

*Fundi wa friji anasema atanijazia gesi yake kwa bei nafuu.*
Muulize ni ipi. Friji nyingi zilitumia R134a, hiyo haina shida. Za sasa nyingi zina R600a, inayowaka moto kama gesi ya kupikia. Ikivuja ndani ya gari lenye abiria na mmoja akawasha kiberiti, ni hatari. R22 ya AC za nyumbani nayo ikatae.

*Nikiwasha AC kwenye mlima, temprecha inapanda.*
Kondensa huiongezea rejeta joto. Osha zote mbili kwa maji ya presha ndogo, mapezi yasipinde, na hakikisha feni inafanya kazi. Kabla hujamaliza kuziosha, ukipanda mlima mkali kama Kitonga zima AC.

*Maji yanadondoka miguuni kwa dereva, kaka. Ni gesi hiyo?*
Hapana, dada, ni maji ya kawaida ya evaporeta (kipoza hewa cha ndani). Mpira wa kutolea maji umeziba. Upulizie upepo kutoka chini.