Kamisheni ya Uingereza si uwinga wa Kariakoo

Ukitua Uingereza na visa ya mwanafunzi, kazi itakayokufuata yenyewe bila hata kuiomba ni ya kamisheni: unagonga milango ya watu kuwauzia mikataba, unalipwa pale tu mtu anaposaini. Tangazo litakuambia uzoefu hauhitajiki na kipato hakina mwisho. Usaili ni vicheko na muziki, na jioni hiyohiyo unaambiwa umepata. Mtu wa Dar haoni ajabu. Vijana wa Kariakoo si wanakula kwa uwinga, kumtafutia mteja mzigo na kuchukua cha juu? Madalali wa viwanja si wanajenga Goba kwa asilimia? Nami nilikwenda na akili hiyohiyo, nikachunwa.

Shida haiko kwenye jasho, iko kwenye kile kifungu cha mkataba kinachosema kwamba umejiajiri, na kampuni ni mteja wako tu. Visa ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. Hairuhusu hata kwa saa moja, hata wakati wa likizo. Kampuni iliyonichukua iliiangalia visa yangu, ikaitoa kopi, kisha ikaniwekea karatasi mezani nisaini. Msije mkadhani kwamba ofisi ikishaona visa yako na kunyamaza basi mambo ni halali. Visa ni yako, na ikiungua unaungua nayo wewe.

Wengi hujifariji kwamba wako chini ya saa 20 kwa wiki. Hizo saa 20 ni za wakati wa masomo kwa wanaosoma ngazi ya shahada, zinahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, kazi zote zikijumlishwa, yenye malipo na isiyo na malipo. Yaani kwenye kamisheni unaumia mara mbili: anayekutuma hazihesabu saa zako, Uhamiaji unazihesabu. Lakini hata ukifanya saa tano tu, kama mkataba umekuweka upande wa waliojiajiri umeshavunja masharti. Narudia kwa sababu najua kuna mtu ataruka aya hii akatafute sehemu ya hela.

Haya, hela. Aprili 2025 kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kilipanda hadi pauni 12.21 kwa saa. Hubadilishwa kila Aprili, kwa hiyo angalia cha mwaka wako. Ukisimama ghalani saa sita, mzigo uje usije, kwa kima hicho una pauni 73.26 kabla ya makato. Na kama saa zako hazitabiriki, kila saa uliyofanya inakuongezea likizo ya malipo, kwa kawaida asilimia 12.07 ya saa hizo. Kwenye kamisheni tupu, saa sita za kugonga milango kwenye mvua bila mtu kusaini ni sifuri. Ukitoa nauli, unadaiwa.

Na akisaini usishangilie mapema. Mikataba mingi inayofungwa mlangoni kwa mtu, sheria inampa mteja siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Ni sheria nzuri, inamlinda bibi aliyezidiwa maneno. Ila akighairi, kamisheni yako nayo inarudi ilikotoka. Nimeona hela za wiki nzima zikiwa kwenye karatasi, halafu zikageuka deni langu kwa kampuni. Winga mteja akishalipa na kuondoka na mzigo, chake kimeingia mfukoni. Tena mteja wa Kariakoo kaja mwenyewe, katoka Mwanza au Lubumbashi anatafuta vitenge. Wewe unamgongea mtu anayekula chakula chake cha jioni.

Sisemi kamisheni yote ni haramu. Duka likikuajiri kwa mshahara wa saa na kukuongezea kamisheni juu yake, chukua. Swali la kuuliza kwenye usaili ni moja: siku nisiyouza kitu nalipwa nini? Wakianza kukuhubiria kuhusu ndoto zako, beba begi lako.

Kuna jambo la Waingereza lilinisumbua zaidi ya hela. Wazee wengi kule wanaishi peke yao. Anakufungulia mlango, anakuwekea chai, anakuonyesha picha za wajukuu. Nyumbani hiyo ni heshima. Mimi wa kamisheni nilikaa pale nikiangalia saa, nikimkasirikia moyoni kwa kuwa hanunui. Baadaye nikapata kazi ya kutunza wazee kwa saa: chai ileile, picha zilezile, na sasa ndiyo kazi yenyewe ninayolipwa. Lakini Waingereza nao wanashangaza. Watu wanaohesabu dakika kwa ukali hivyo, anayemwogesha mama yao wanamlipa palepale jirani na kima cha chini. (Ukifanya kazi hiyo, kagua hati yako ya malipo. Muda wa kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine nao huhesabiwa kwenye kima cha chini, na waajiri wengine huusahau.)

Sasa nyie wa nyumbani. Kijana akisema mkataba mmoja unalipa pauni 60, mjomba wa Temeke keshazidisha kwa elfu tatu na ushee, akazidisha tena kwa mikataba kumi, na jina la mtoto limeshaingia kwenye michango ya harusi. Mjomba, tunakuheshimu. Subiri siku 14 zipite kwanza.

Namba ya NI (bima ya taifa ya Uingereza), akaunti ya benki na uthibitisho wa haki ya kufanya kazi ni mambo ya mtandaoni, hayana ugumu kwa aliyewahi kufuatilia kitambulisho cha NIDA.

Kama umeshasaini mkataba wa kujiajiri, acha kwenda kazini na umwone mshauri wa visa wa chuo chako kabla ya mtu mwingine yeyote. Hifadhi ujumbe wote wa WhatsApp: ufike saa ngapi, uvae nini, ugonge mtaa upi. Sheria ya kazi hutazama uhalisia kuliko jina lililoandikwa kwenye mkataba, na aliyeongozwa hivyo anaweza kuwa na haki ya kima cha chini. Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, wanashauri bure kwa simu, na watakuelekeza pa kupeleka malalamiko ya kima cha chini. Lakini usikimbilie huko kabla ya kuonana na mshauri, maana ukidai malipo itabidi ueleze pia kazi yenyewe ulikuwa unaifanya kwa mkataba gani.