Kupima plastiki katika kinyesi cha mbega na ndovu wa Shimba

Uzi wa poliesta ulio kwenye kinyesi cha mbega huenda uliletwa na upepo, ukatua juu ya jani, mbega akalila. Huenda pia umetoka kwenye mkono wa shati lako. Ukitazama kwa hadubini, nyuzi hizo mbili hazitofautiani. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kuilinda sampuli isichafuliwe na wewe mwenyewe.

Kwanza chagua mnyama. Nyani hupekua mapipa ya taka, basi plastiki yake haikwambii lolote kuhusu hewa ya msitu. Mbega hula majani juu mitini na hushuka chini mara chache. Huyo ndiye shahidi mzuri wa kile kinachoanguka kutoka angani. Lakini mchukue wa ndani ya hifadhi ya Shimba Hills, huko Kwale, si wa Diani anayeishi juu ya mapaa ya hoteli. Ndovu huongeza habari ya nyasi na maji ya kunywa. Vibali vya utafiti na vya wanyamapori vitafutwe mapema, na ukitaka kufanya kazi ndani ya kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, anza kwa wazee wake.

Shimba iko kusini-magharibi ya Mombasa. Kaskazi huvuma kutoka upande wa mji, kusi hutoka baharini. Kusanya misimu yote miwili, na kila mara andika mvua ya mwisho ilinyesha lini, kwa sababu mvua huosha hewa na majani pia.

Vaa pamba tupu yenye rangi kali, mfano kikoi chekundu au koti la rangi ya chungwa, ili nyuzi zako zitambulike. Leso za sokoni siku hizi huweza kuwa za poliesta, ziache nyumbani. Barakoa za hospitali hutoa nyuzi za polipropilini, kwa hiyo tumia ya kitambaa cha pamba. Glavu usikose, kwani kinyesi hubeba minyoo na vijidudu. Chukua kinyesi kibichi kwa kijiko cha chuma, kiasi cha gramu 10 kwa mbega. Bonge la ndovu lipasue, uchukue gramu 50 za katikati, pale pasipogusa udongo wala upepo. Weka kwenye chupa ya kioo, funika kwa foili kabla ya kifuniko. Kando yake acha chupa tupu wazi kwa muda uleule. Hiyo itakuonyesha kilichoanguka humo wakati ukifanya kazi.

Maabarani, zima feni na ufunge madirisha, hata kama joto la Mombasa linakusihi uyafungue. Kausha kwa nyuzi 50 za selsiasi hadi uzito usibadilike. Juu ya 60 plastiki nyingine huanza kujikunja. Pima gramu 2 kavu, mimina haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 ili iyeyushe mabaki ya majani, mililita 5 kwa 5 hadi 40. Ukiimimina yote kwa mpigo, mchanganyiko hupanda joto na kufoka nje. Funika kwa foili isiyobana. Chupa iliyofungwa hupasuka. Weka kwenye joto la nyuzi 50 za selsiasi kwa siku kadhaa. Kinyesi cha ndovu hakitayeyuka chote, kimejaa nyuzi za nyasi. Zisuuze kwa maji yaliyochujwa juu ya chekecheo la chuma la milimita 1, uhifadhi maji hayo.

Sasa kuelesha, yaani kuifanya plastiki ielee juu ya maji mazito, na hapa ndipo wengi hupoteza matokeo. Maji ya chumvi yaliyokolea, gramu 360 kwa lita, huwa na uzito wa gramu 120 hivi kwa mililita 100. Polithini na polipropilini huelea humo. Poliesta, ambayo ndiyo nyuzi za nguo nyingi, huzama. Ukitumia chumvi peke yake utakosa kile hasa upepo ulicholeta. Tumia zinki kloraidi hadi mililita 100 ziwe na gramu 150 hadi 160. Inaunguza ngozi na kuua samaki, kwa hivyo usiimwage kwenye sinki. Ichuje uitumie tena. Ukilazimika kutumia chumvi, ichuje kwanza, maana chumvi ya bahari yenyewe huwa na plastiki, kisha ukague mashapo pia. Koroga dakika 2, acha usiku mzima, chuja sehemu ya juu kwenye karatasi ya nyuzi za kioo. Rudia mara tatu.

Kabla ya sampuli halisi, jaribu njia yako: kata vipande 20 vidogo kuliko milimita 1 kutoka kifuniko chekundu cha chupa na 20 vya chupa yenyewe ya maji, changanya na kinyesi, uone vingapi vinarudi. Chini ya 16 kwa kila aina, rekebisha njia.

Gusa chembe kwa sindano ya moto: plastiki huyeyuka au kujikunja, mmea huungua ukawa mweusi. Chini ya mikroni 200 (milimita 0.2) usiamini jicho; peleka kwenye mashine ya infraredi, inayotambua aina ya plastiki. Kwa kila sampuli 5 pitisha chupa moja isiyo na kinyesi katika hatua zote. Chukua wastani wa chupa hizo, ongeza mara tatu ya mkengeuko sanifu wake, yaani kipimo cha jinsi hesabu za chupa hizo zinavyotofautiana. Hesabu isiyozidi hapo iandikwe kuwa haikuonekana, si sifuri. Karatasi zihifadhi kwenye visahani vya kioo, namba kwa penseli, ili mwingine aweze kuhesabu upya.