Gari la manyuali ughaibuni: nunua klachi kwanza, gari baadaye

Ukipekua matangazo ya magari ya mkononi Uingereza au kwingine Ulaya ukiwa na bajeti ndogo, utaona jambo moja: gari zima la bei ya chini mara nyingi lina pedali tatu, yaani ni manyuali, la kuingiza gia kwa mkono. Marekani ni kinyume, huko manyuali zimebaki chache na mara nyingi anayeitafuta ni mpenzi wa magari. Kwa sisi tuliokuja huku na pesa za kuhesabu, manyuali ndiyo hutuingiza barabarani. Tatizo ni kwamba tunalikagua kama tunavyokagua gari lolote: rangi, matairi, redio, kiti. Kitu kinachoweza kukutoa pesa nyingi kuliko vyote hivyo ni klachi, inayounganisha na kutenganisha injini na giaboksi: imejificha kati yake, na haionekani hata ukifungua boneti.

Lakini kabla hujampigia muuzaji simu, geuza kadi yako ya leseni usome nyuma. Kama ulifanyia mtihani huku kwenye gari la otomatiki, huenda kuna msimbo 78. Maana yake umeruhusiwa otomatiki tu. Ukiendesha manyuali na leseni hiyo unakuwa huna leseni ya gari hilo, na siku ya ajali bima itakuuliza swali ambalo huna jibu lake. Nimeona mtu akilipia gari kwanza ndipo akagundua.

Siku ya kulitazama

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, uliza kwa nini, maana injini iliyopoa ndiyo inayoonyesha moshi wa asubuhi, kugugumia, na gia ya pili inayogoma mpaka ipate joto.

Ingia ndani, lakini usiwashe bado. Tazama mpira wa pedali ya klachi. Umeliwa upande mmoja mpaka chuma kinaonekana, na dashibodi inasema kilomita 60,000? Hapo kimojawapo kinadanganya, na si mpira. Uingereza unaweza kuhakikisha bila kulipa chochote: ukiingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, unaona historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa gari, pamoja na maili zilizosomwa kila mara, na kasoro zilizoandikwa. MOT huanza gari likifikisha miaka 3, kisha kila mwaka, kwa hiyo gari la miaka 10 lina kumbukumbu nzuri tu. Ujerumani ukaguzi wa lazima kwa gari la kawaida huja kila baada ya miaka 2, na ripoti yake huandika kilomita. Omba karatasi zote za zamani, siyo ya mwisho peke yake. Linganisha pia namba ya chasisi, tarakimu na herufi 17, kwenye gari na kwenye hati. Zisipofanana, aga uondoke.

Sasa washa. Vuta hendibreki mpaka ishike sawasawa, ingiza gia ya tatu, kisha achia klachi taratibu bila kugusa mafuta. Injini inatakiwa ilemewe na izime. Ikiendelea kuunguruma kana kwamba hujaingiza gia, klachi imekwisha na mazungumzo ya bei yaanzie hapo. Fanya jaribio hili mara moja tu, kwa sababu lenyewe linakula klachi.

La pili linafanyika barabarani. Tembea kwa kilomita 50 kwa saa ukiwa gia ya nne au ya tano, halafu kanyaga mafuta yote. Kodolea macho mishale miwili. Wa mizunguko ya injini ukiruka juu huku wa mwendo kasi unajivuta, klachi inateleza. Klachi inayoanza kuchoka huonyesha hivyo kwenye gia kubwa kwanza, ndiyo maana muuzaji mjanja atakuzungusha mitaani kwa gia ya kwanza na ya pili na kukwambia "si umeona, haina neno."

Halafu sikiliza. Gari likiwa limesimama, gia iko nyutro, injini inaunguruma, mguu wako uko nje ya klachi. Kama kuna mlio wa kukwaruza au kuvuma, na ukikanyaga klachi unapotea, shuku beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi. Kama ni kinyume chake, kimya kwanza na mlio ukianza unapokanyaga, hiyo kwa kawaida ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Kote mbili giaboksi itashushwa, ila ya kwanza inahitaji pia giaboksi yenyewe ifunguliwe, kwa hiyo bili zake hazifanani hata kidogo.

Gia ya pili ndiyo huwa inaumia mapema, kwa sababu mjini watu huirudia mara elfu na wengi huiingiza kwa pupa. Toka gia ya tatu kwenda ya pili kwa haraka kidogo. Ikikwaruza, sinkronaiza yake, pete inayolinganisha mizunguko ili gia iingie laini, imelika. Pia ukiwa gia ya pili au ya tatu, kanyaga mafuta kisha ondoa mguu ghafla. Kijiti kikichomoka chenyewe kurudi nyutro, usinunue. Rivasi isikutishe sana: kwenye magari mengi haina sinkronaiza, na ule mlio wa kuvuma ukirudi nyuma ni wa kawaida. Simama kabisa, subiri sekunde moja au mbili klachi ikiwa chini, ndipo uingize.

Kwa nini klachi ni ghali hata spea ikiwa rahisi

Huku ughaibuni saa ya fundi ndiyo inayomaliza mfuko. Klachi yenyewe ni vitu vitatu, yaani klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi, na ukiviona vimepangwa mezani utashangaa bili imetoka wapi. Imetoka kwenye kushusha giaboksi na kuipandisha tena. Kazi hiyo ni ileile hata kama unabadilisha kipande kidogo kuliko vyote.

Mimi nilijifunza kwa ubahili. Gari langu la kwanza huku, klachi iliteleza, nikamwomba fundi aweke pleti peke yake, vingine vibaki maana "bado vinafaa". Miezi minane baadaye rilizi beringi ikaanza kulia kama panya aliyebanwa mlangoni. Giaboksi ikashuka mara ya pili, nikalipa kazi ileile upya kwa ajili ya kibati kinachoenea kiganjani.

Kwa hiyo ikishushwa, badilisha vyote vitatu. Mwambie fundi atazame sili ya nyuma ya injini, kwani ikivuja italowesha pleti mpya kwa oili na hasara itakuwa palepale. Kama gari lako lina silinda ya klachi iliyokaa ndani pamoja na beringi, nayo iende. Na uliza kuhusu flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo klachi hushika. Magari mengi ya dizeli, na baadhi ya petroli, yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi katikati ya kupunguza mtetemo. Ikichoka, gari hutikisika na kugonga unapozima injini, na bei yake inaweza kuipita klachi nzima. Ni bora uambiwe kabla gari halijapandishwa kuliko kupigiwa simu likiwa limefumuliwa.

Halafu namna ya kuongea na karakana. Usifike ukasema "nibadilishie klachi", maana watabadilisha, hata kama tatizo lilikuwa hewa kwenye mrija wa klachi. Sema unachokiona: pedali inabaki chini asubuhi, mizunguko inaruka gia ya tano nikipanda mlima, inalia nikikanyaga. Omba makadirio ya maandishi kabla ya kazi, na waambie mapema kwamba vipuri vya zamani utavichukua.

Mguu na mkono wako

Klachi moja inaweza kufa kwenye kilomita 50,000 na nyingine ya gari hilohilo ikapita 150,000. Tofauti kubwa ni dereva. Mguu wa kushoto usipokuwa na kazi, uweke sakafuni. Ukiupumzisha juu ya pedali, hata kwa uzito wa soksi tu, rilizi beringi inazunguka bure na pleti haibanwi sawasawa. Kwenye foleni ya mlimani usilishikilie gari kwa nusu klachi, vuta hendibreki. Na kwenye taa nyekundu, weka nyutro uachie klachi badala ya kukaa umeikanyaga dakika mbili.

Mkono nao usiishi juu ya kijiti cha gia. Uzito wake unasukuma uma za gia ndani ya giaboksi, na uma hizo hazikutengenezwa kubanwa muda wote.

Kuna mazoea ya kushuka mlima nyutro "kuokoa mafuta". Kwa injini za kisasa ni hesabu mbaya. Ukishuka ukiwa na gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa kwenye injini, ilhali ukiwa nyutro injini lazima inywe kidogo ili isizime. Tena unabakiwa na breki za miguu peke yake.

Ukitoka Kenya, Tanzania au Uganda ukahamia Ulaya bara, siku za kwanza utapiga mlango kwa mkono wa kushoto ukitafuta gia. Usukani umehamia kushoto na gia ziko kulia. Pedali hazikuhama, klachi ni kushoto palepale. Waliotoka Rwanda na Burundi wao watapata taabu wakifika Uingereza.

Oili ambayo hakuna anayeikumbuka

Injini kila mtu anaijali. Giaboksi ya manyuali huachwa mpaka gari linakufa, kwa sababu vitabu vya magari mengi havitaji siku ya kubadilisha oili yake. Gari la mkononi lisilo na risiti, mimi hubadilisha. Ni kama lita 2 hivi, zaidi au pungufu kulingana na gari, na mara nyingi gia ya pili inayogoma asubuhi hulainika.

Ila fungua nati ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Nimewahi kulala chini ya gari Jumamosi moja, oili yote ya zamani iko kwenye beseni, na nati ya juu imeshikwa na kutu haigeuki. Ndani ni kavu, ya kuweka ninayo, pa kuiweka sina, na gari haliwezi kutembea kwenda kwa fundi. Tope laini la chuma kwenye sumaku ya nati ni la kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, hayo ni meno ya gia.

Oili iwe ile iliyotajwa kwenye kitabu. Kikisema GL-4, ambalo ni daraja la oili ya gia, usishawishiwe GL-5 kwa sababu namba ni kubwa. Baadhi yake zina kemikali za salfa zinazoweza kula pete za shaba za sinkronaiza. Na kwenye magari mengi klachi hutumia maji yaleyale ya breki, kutoka kopo lilelile. Maji hayo hufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo kila baada ya miaka 2 hivi yabadilishwe. Yakipungua bila breki kuvuja, chungulia chini ya pedali ya klachi kama kumelowa.

Taimingi belti, mkanda unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, naitaja kwa ufupi: hakuna risiti, basi haijabadilishwa. Ikikatika, kwenye injini nyingi valvu hugongana na pistoni.

Baridi

Asubuhi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, oili ya giaboksi huwa nzito na gia ya pili itagoma kilomita chache za mwanzo. Usilazimishe. Kanyaga klachi unapowasha, starta isihangaike kuzungusha na giaboksi. Kwenye theluji ondoka kwa gia ya pili, mafuta kidogo sana, matairi yasizunguke bure. Ukiegesha tambarare usiku wa barafu, hasa gari likiwa limelowa, acha gia ya kwanza na ushushe hendibreki, maana breki zinaweza kuganda zikakataa kuachia. Asubuhi ukumbuke kwamba gia imo. Majirani zangu wameshacheka vya kutosha gari liliporuka.

Betri ikifa, manyuali ina faida yake. Swichi iwe imewashwa, gia ya pili, klachi chini, watu wasukume. Likipata mwendo achia klachi haraka, likishtuka kanyaga tena. Usijaribu mara nyingi, petroli isiyoungua inakwenda kuharibu katalaiza, kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi.

Chumvi wanayomwaga barabarani ndiyo adui asiyeonekana. Hula mabomba ya breki na fremu ya chini kimyakimya, rangi ya juu ikiwa bado inang'aa. Kwa hiyo siku fundi atakapokwambia klachi imekwisha kwenye gari lenye umri, usikubali papo hapo. Mwambie alinyanyue, ashike taa, na wewe uingie chini pamoja naye ugonge kwa bisibisi pale jeki inaposhikia na pale mikono ya magurudumu inapofungwa. Bisibisi ikitoboa, liuze gari kama spea, klachi mpya iwekwe kwenye gari jingine.