Taa ya eabegi haizimi? Anza na soketi za chini ya siti ya abiria

Kila masika tunapokea gari za aina moja hapa gereji Ilala. Mvua imepiga siku mbili, Jangwani hapapitiki, dereva kaingia kwenye dimbwi asilolijua kina chake, na kesho yake taa ya eabegi, yaani ya mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, imewaka na haitaki kuzima. Wengine huja hata kiangazi: juzi wametoka kuvalisha siti kava mpya, au vijana wa kuosha magari wamezisugua siti kwa maji na sabuni mpaka zikalowa. Karibu wote wameshaambiwa, "Sensa ya siti imekufa, katafute nyingine." Mara nyingi haijafa.

Kabla ya kushika spana, jua sensa yako ina kazi gani. Gari nyingi tunazoagiza Japani zina utando mwembamba wa plastiki ndani ya siti, unaoguswa na uzito wa mtu akikaa. Kazi yake ni kumkumbusha abiria afunge mkanda, basi. Ndiyo maana ukitoka sokoni na mfuko wa unga ukauweka pale, kengele inalia kama vile kuna mtu. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, na baadhi za Ulaya, zina sensa ya kazi nzito zaidi: kompyuta huitumia kuamua kama eabegi ya mbele ya abiria ifunguke au isifunguke. Utaitambua kwa kitaa cha eabegi ya abiria kinachojibadilisha chenyewe mtu akikaa na akiinuka. Hapo hakuna kubahatisha.

Hatua ya 1: tazama bila kufungua chochote. Washa swichi, usipige stata. Taa ya eabegi inatakiwa iwake, kisha izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, shuku aliyekutangulia; nimeshakuta taa imezibwa kwa selotepu nyeusi nyuma ya dashibodi. Ikibaki inawaka, mfumo umeona hitilafu, na siku ya ajali eabegi zinaweza zisifunguke.

Sasa mkalishe mtu. Kengele au taa ya mkanda ije, akiinuka, ikatike. Kama huna msaidizi, dumu la maji la lita 20 ni kama kilo 20, liweke katikati ya siti. Ikilia siti ikiwa tupu, utando umekunjwa au umebanwa, na mtu wa kwanza kumuuliza ni fundi wa kava. Halafu zingatia hili: kwenye ile aina ya kengele tu, sensa mbovu kwa kawaida huleta fujo ya mkanda peke yake. Taa ya eabegi ikiwaka, angalia nyaya nyingine zinazopita chini ya siti hiyohiyo.

Hatua ya 2: soma hitilafu. Kile kidude cha bei rahisi cha kusoma hitilafu kinachounganishwa na simu mara nyingi kinaishia kwenye injini, namba za hitilafu zinazoanza na P. Tafuta mashine inayoingia mfumo wa eabegi. Huko namba nyingi huanza na B. Iandike kwenye karatasi kabla ya kufuta. Pima betri pia: ikiwa imejaa na injini imezimwa, mita isome kama volti 12.6. Betri iliyochoka huleta hitilafu za uongo.

Hatua ya 3: chomoa terminali hasi ya betri, subiri. Toyota wanataka angalau sekunde 90. Mimi nangoja dakika 10, kikombe cha chai kinaisha. Kisha sogeza siti nyuma, washa tochi, lala sakafuni.

Soketi za njano ni za eabegi ya pembeni na kikaza mkanda, kile kinachouvuta mkanda ukubane wakati wa ajali. Usizipime kwa mita ya omu, ile ya kupima ukinzani wa waya, hata kwa sekunde moja, kwani umeme mdogo wa mita hiyo unaweza kuzifyatua eabegi. Wewe zichomoe tu uzitazame: unga wa kijani kwenye pini, maji, pini iliyorudi nyuma, waya uliovutwa. Puliza dawa ya kusafishia umeme, sugua kwa mswaki laini, acha ikauke kabisa, rudisha mpaka usikie "ta!"

Hapo ndipo niliwahi kuaibika. Nilimbadilishia mteja utando mzima, akalipa, siku ya tatu akarudi na taa ileile. Nilipoisogeza siti mbele na nyuma taratibu nikaona: sarafu ya shilingi 200 imenasa kwenye reli, na kila siti ilipopita ilikuwa inakwangua waya. Nilimrudishia hela ya ufundi. Tangu hapo siti lazima niisogeze mwanzo hadi mwisho huku macho yangu yakifuata waya.

Hatua ya 4: pima sensa yenyewe. Utando wa waya mbili unapimika kwa mita ya omu kwenye soketi yake, ambayo si ya njano. Bonyeza siti kwa goti: usomaji ubadilike, na uachiapo urudi pale pale. Usipobadilika, utando ndio mbovu. BMW za matoleo ya E46 na E90 ni maarufu kwa ugonjwa huu, lakini sensa zake zina kiboksi cha elektroniki, kwa hiyo omu hazikwambii kitu. Huko tumia mashine, usome hali ya siti mtu akikaa na akiinuka.

Utaletewa pia kidude cha kuidanganya kompyuta iamini siti iko sawa. Mimi sikifungi. Kompyuta inayodanganywa haiwezi kujua kama aliyekaa mbele ni baba au mtoto wa miaka miwili.

Hatua ya 5: rudisha. Soketi zote kwanza, betri mwisho, kisha futa hitilafu. Ukiwasha swichi huku soketi moja inaning'inia, unajitengenezea hitilafu mpya. Gari inayopima uzito, ukishafungua bolti za siti, inahitaji kuwekwa sifuri kwa mashine, yaani sensa ianze kupima upya, siti ikiwa tupu kabisa, hata simu usiiache pale. Mwisho zunguka nayo kwenye barabara yenye matuta na mtu kwenye siti ya abiria, urudi usome tena.